Kufundisha Msamiati Mpya Usisahaulike: Mbinu kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

UTANGULIZI

Mwalimu wa Darasa la Tatu aandika ubaoni: "Tafuta tofauti ya 45 na 28." Mwanafunzi afikiri kitambo, kisha ajibu kwamba 45 ni kubwa na 28 ni ndogo. Jibu hilo, kwa maana ya kila siku ya neno "tofauti", si kosa hata kidogo. Mpe mtoto huyo vijiti 45, umwambie aondoe 28, naye atakuhesabia 17 bila shida. Kilichompungukia si hesabu, bali ni neno. Hata hivyo, daftari lake litatiwa alama ya kosa, na yeye mwenyewe ataanza kuamini kwamba hesabu si fungu lake.

Ndugu mwanachuo, mfano huu waonyesha kwamba msamiati si kazi ya mwalimu wa Kiswahili peke yake. Kila somo lina maneno yake, na mwanafunzi asiyeyajua husimama nje ya mlango wa somo hilo, hata kama ameketi dawati la mbele. Katika makala haya tutaeleza kwanza hali ya lugha katika eneo la Babati, kisha sababu za maneno kusahaulika, na mwisho mbinu ambazo mwalimu aweza kuzitumia bila gharama kubwa.

HALI YA LUGHA KATIKA ENEO LETU

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, umezungukwa na watu wa lugha za asili mbalimbali. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kibarabaig, ambacho ni tawi la Kidatoga, ni lugha ya Kinaili. Kirangi na Kimbugwe ni lugha za Kibantu, yaani ni ndugu wa Kiswahili. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo mwalimu mmoja aweza kuwakuta watoto wa koo tatu za lugha katika chumba kimoja.

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, tangu mwaka 1967. Mtoto wa mjini, aliyekulia karibu na stendi na soko, aghalabu huja shuleni akikisema. Mwenzake wa kijijini huenda amekisikia tu mnadani au redioni. Na hata kati ya watoto wasiokisema nyumbani, mzigo haulingani. Mtoto wa Kirangi au wa Kimbugwe huyakuta katika Kiswahili maneno mengi yanayofanana na ya kwao, na mpango wa ngeli si mgeni kwake. Mtoto wa Kigorowa au wa Kiiraqw hana msaada huo. Katika lugha yake wingi wa jina huonyeshwa mwishoni mwa neno, ilhali katika Kiswahili mabadiliko hutokea mwanzoni: kiti huwa viti, ukuta huwa kuta, jino huwa meno. Sikio lake limezoea kusubiri mwisho wa neno, na habari anayoihitaji imekwisha kupita.

Kwa hiyo mwalimu asimhukumu mtoto kuwa mzito wa akili kabla hajajua anatoka katika lugha gani. Aidha, yafaa kila jina jipya lifundishwe katika umoja na wingi wake, tena ndani ya sentensi: "Ukuta huu umebomoka. Kuta hizi zimebomoka." Neno lisilo na sentensi ni kama jembe lisilo na mpini.

KWA NINI NENO HUSAHAULIKA

Mtu wa kwanza kupima kusahau kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana, kisha akipima ni juhudi kiasi gani ataokoa akizikariri tena baadaye. Baada ya muda wa saa moja hivi alikuwa ameokoa chini ya nusu ya juhudi ya awali. Baada ya mwezi mmoja aliokoa kiasi cha moja ya tano tu. Jambo kubwa la kuzingatia ni hili: hasara nyingi hutokea mapema, katika saa za mwanzo, kisha kasi yake hupungua.

Mafunzo mawili yatokana na jaribio hilo. La kwanza ni kwamba marudio ya kwanza yasingoje mtihani wa mwisho wa muhula. Yafanywe siku hiyo hiyo na siku inayofuata. La pili ni kwamba Ebbinghaus alitumia silabi zisizo na maana yoyote. Neno lenye maana, lililofungwa katika kitu ambacho mtoto amekiona na kukitenda, halipotei upesi namna hiyo. Mwalimu anayekaririsha maneno bila maana huyafanya maneno yetu mazuri yawe kama silabi za Ebbinghaus.

KUKUMBUKA HUJENGWA NA KUULIZWA

Walimu wengi hudhani kwamba neno huingia akilini kwa kusomwa mara nyingi. Jaribio mashuhuri lililochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science la Marekani laonyesha vingine, na linatuhusu kwa sababu lilitumia maneno ya Kiswahili. Watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, neno "mashua" likiwa mojawapo. Kiswahili kilifaa kwa kuwa wanafunzi hao hawakukijua. Tangu mwaka 1994 watafiti wenzao, Thomas Nelson na John Dunlosky, walikuwa wamekwisha kutayarisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili kwa ajili ya majaribio ya namna hiyo.

Wanafunzi waligawanywa katika makundi manne. Wote walisoma na kuulizwa. Lakini mara mwanafunzi alipolikumbuka neno, makundi yalitofautiana. Kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa. La pili liliacha kulisoma lakini likaendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma lakini halikuulizwa tena. La nne liliacha yote mawili. Baada ya juma moja, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka kiasi cha maneno 80 katika kila 100. Kundi lililosoma tu bila kuulizwa lilikumbuka kama 36, na lile lililoacha yote mawili lilikumbuka kama 33.

Tazama vema tarakimu hizo. Kuendelea kusoma kulileta faida ndogo mno. Kuendelea kuulizwa kulileta faida kubwa. Na la ajabu zaidi, wanafunzi wenyewe hawakulitambua jambo hilo: walipoombwa wakisie, makundi yote yalitabiri kwamba yatakumbuka takriban nusu ya maneno. Mtu hadanganywi na mwalimu wake tu, hudanganywa pia na hisia yake ya kwamba "nimekwisha kujua".

Ni kweli kwamba wale walikuwa watu wazima, na walitakiwa kutaja maana tu, si kutunga sentensi. Sisi tunafundisha watoto wanaotakiwa kuishi katika lugha. Lakini kanuni yenyewe yatufaa sana: swali si kipimo cha kujifunza tu, bali ni njia ya kujifunza.

MBINU ZA KUFUNDISHIA

(a) Chagua maneno machache. Kabla ya kuandika andalio la somo, soma sura unayoitaka kuifundisha, uorodheshe maneno ambayo mwanafunzi wako hayajui. Kisha chagua matano hadi saba ambayo bila hayo somo haliendi. Mengine yaeleze kwa ufupi na kuyapita. Maneno ishirini kwa siku moja ni sawa na mvua ya gharika: maji mengi hupita na udongo hubaki mkavu.

(b) Anza na kitu, kisha sauti, kisha maandishi. Onyesha kitu chenyewe au tendo lenyewe. Tamka neno mara mbili au tatu kwa uwazi, wanafunzi wasikilize kabla ya kulitamka. Ndipo uliandike ubaoni. Mtoto akianzia kwenye herufi, huchukua sauti ya herufi hizo kwa mujibu wa lugha ya nyumbani kwake.

(c) Usifundishe siku moja maneno yanayokaribiana na kugombana. Kulia na kushoto, kopa na kopesha, jana na juzi: maneno haya yakiingia pamoja yakiwa yote mageni, mtoto hujua kwamba moja ni hili na jingine ni lile, asijue lipi ni lipi. Fundisha moja mpaka likomae, kisha baada ya siku kadhaa ulete mwenzake.

(d) Onyesha ukoo wa maneno. Kiswahili kina neema kubwa: mzizi mmoja huzaa wengi. Kutokana na "lima" twapata mkulima, kilimo, ulimaji, limika na limisha. Mwanafunzi anayejua kwamba m- mwanzoni huweza kumwonyesha mtenda, na kwamba -sha mwishoni huweza kuonyesha kumfanya mwingine atende, amepewa ufunguo wa maneno ambayo mwalimu hajamfundisha bado. Hata maneno magumu ya sayansi hufunguka hivyo. Neno "usanisinuru" humtisha mtoto. Lakini likitenganishwa kuwa usanisi na nuru, hueleza lenyewe kwamba ni kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga.

(e) Eleza wazi maneno ya sura moja na maana mbili. Mtoto wa Babati amjua kiboko wa ziwani. Lakini kiboko ni mjeledi vilevile. Twapanda mbegu, na twapanda Mlima Kwaraa. Apandaye mbegu ni mpanzi, apandaye mlima si mpanzi. Neno "tofauti" tuliloanza nalo, na hali kadhalika "toa", "gawa" na "zidi", yana maana moja nyumbani na nyingine katika hesabu. Usimwambie mtoto kwamba maana yake ya nyumbani ni ya makosa. Mwambie kwamba neno lina kazi mbili, na katika somo hili linafanya kazi hii.

(f) Tumia kiungo cha sauti na picha. Mbinu hii ilipimwa na Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliochapisha mwaka 1975 majaribio yao juu ya maneno ya Kirusi. Mwanafunzi hutafuta katika lugha anayoijua neno linalofanana kwa sauti na lile geni, kisha huunda picha akilini inayoyaunganisha. Yafaa sana kwa Kiingereza. Neno "chin" maana yake ni kidevu: nacho kidevu kiko chini ya mdomo. Neno "goat" maana yake ni mbuzi: mwone mbuzi amepiga goti akinywa maji. Watoto hucheka, na neno hukaa. Lakini kiungo ni daraja, si nyumba. Mwanafunzi akivuka, daraja laweza kuachwa. Tena jihadhari na mfanano unaopotosha: "fish" ni samaki, si fisi.

(g) Tengeneza sanduku la kadi. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza, katika kitabu kilichotoka Ujerumani, utaratibu wa kadi ambao mwalimu yeyote aweza kuufuata kwa maboksi matupu ya chaki. Kata kadi ndogo kutoka katika makatoni ya dukani. Upande mmoja andika neno, upande wa pili chora picha au andika sentensi yenye pengo. Chukua maboksi matatu. Kadi zote huanzia boksi la kwanza, ambalo huulizwa kila siku. Neno likijibiwa sawasawa, kadi huhamia boksi la pili, ambalo huulizwa mara mbili kwa juma. Likijibiwa tena, huhamia boksi la tatu, la mara moja kwa juma. Neno likisahauliwa, popote lilipo, kadi yake hurudi boksi la kwanza. Kwa njia hiyo maneno magumu huulizwa mara nyingi, na mepesi hayapotezi wakati wa darasa. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, kila kundi la sita au saba lipewe maboksi yake na kiongozi wake.

MFANO WA SOMO

Tuseme unafundisha Darasa la Nne, kipindi ni cha dakika 40, na mada ni kilimo cha mbaazi, zao ambalo wakulima wa Babati hulipanda pamoja na mahindi katika shamba moja. Maneno ni saba: panda, palilia, vuna, anika, pura, pepeta, hifadhi. Zana ni mbaazi zilizo katika maganda yake, jembe, fimbo, ungo, na gunia tupu. Zote zapatikana kijijini bila fedha.

Hatua ya kwanza, dakika 5. Uliza maneno ya somo lililopita kutoka maboksi ya kadi.

Hatua ya pili, dakika 12. Tenda kila kazi mbele ya darasa ukitaja neno lake. Mwite mwanafunzi mmoja apure, mwingine apepete. Waulize wanafunzi wakuambie kazi hiyo huitwaje kwa lugha ya nyumbani kwao. Majibu yatakuwa tofauti, nayo ni mali ya darasa: mtoto hujifunza kwamba jambo analolijua limepata jina jingine, wala si jambo jipya.

Hatua ya tatu, dakika 8. Wewe tenda kimya, wao wataje neno. Kisha wewe taja neno, wao watende. Usifuate mpangilio wa kazi za shamba. Maneno yakiulizwa daima kwa mfuatano mmoja, mtoto hukariri mfuatano tu. Ukimuuliza "pepeta" peke yake, hulazimika kuanza tena kutoka "panda".

Hatua ya nne, dakika 10. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kuhusu watu anaowafahamu, kwa mfano: "Bibi anapepeta mbaazi kwa ungo." Pita kati ya madawati ukisahihisha.

Hatua ya tano, dakika 5. Futa ubao. Wanafunzi wafunge madaftari na kukumbuka maneno yote saba, kwanza kila mtu kimya, kisha wawili wawili, kisha darasa zima. Hatua hii ndiyo ambayo walimu wengi huiacha kengele inapokaribia; nayo ndiyo iliyo kiini cha somo.

Marudio yafuate siku ya 2, ya 4, ya 8 na ya 22, kila mara dakika chache tu. Yaandike katika azimio la kazi, maana marudio yasiyoandikwa hayafanyiki.

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, kukaririsha kwa sauti moja. Darasa zima likiimba "pepeta, pepeta", mwalimu husikia sauti kubwa akadhani wote wamejua. Wanafunzi kumi wanaojua waweza kuwafunika arobaini wanaofuata midomo yao. Uliza mmoja mmoja, tena uliza swali kabla ya kutaja jina, ili kila mtu atafute jibu.

Pili, kumwandikisha mtoto neno moja mara hamsini. Baada ya mstari wa tano mkono huandika na akili hulala.

Tatu, kumwaibisha anayekosa. Mbinu zote tulizozieleza zategemea mtoto kuthubutu kujibu. Akichekwa kwa lafudhi ya kwao, atanyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hawezi kuulizwa, wala hawezi kukumbuka. Mwalimu apokee jibu la makosa kwa utulivu, atoe lililo sahihi, kisha amrudie mtoto yule yule baada ya dakika chache ampe nafasi ya kulipata.

HITIMISHO

Mwanafunzi anayemaliza Darasa la Saba hukutana na sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mzigo wa maneno mageni humwangukia kwa mara nyingine. Aliyezoezwa kujiuliza, kurudia kwa wakati na kuona ukoo wa maneno ataubeba mzigo huo kwa mbinu alizokwisha kuzizoea. Aliyezoezwa kukariri tu atakariri tena, na kusahau tena. Kwa hiyo tunapofundisha maneno saba ya mbaazi, twafundisha pia namna ya kujifunza.

MAZOEZI KWA WANACHUO

1. Chukua ukurasa mmoja wa kitabu cha Sayansi au Hisabati cha Darasa la Tatu. Orodhesha maneno ambayo yana maana moja nyumbani na nyingine katika somo hilo.

2. Chagua kitenzi kimoja cha Kiswahili, uandike ukoo wake wote unaoufahamu, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.

3. Katika mazoezi ya kufundisha, tengeneza maboksi matatu ya kadi kwa kundi moja la wanafunzi. Andika kila juma ni maneno mangapi yamefika boksi la tatu, na ni yapi yamerudi la kwanza. Jadili na wenzako sababu za maneno hayo kurudi.

4. Uliza wanafunzi wa darasa unalofundisha ni lugha zipi zinasemwa nyumbani kwao. Eleza namna utakavyobadili andalio lako la somo kutokana na majibu yao.